Mpaka Jiwe Litulie

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa na swali moja aliloliuliza kwa kila jambo, na lilitukera sana. Ukichelewa darasani hakukuuliza kwa nini umechelewa. Alikuuliza, "Ulikuwa wapi?" Ukianza kueleza habari za mvua na matope na bibi kuumwa, alikukata hapohapo: "Kwanza wapi. Kwa nini itakuja yenyewe." Hata ukimwambia umeibiwa kalamu, hakutaka kujua mwizi ni nani, alitaka kujua kalamu iko wapi. Wenzangu walimwiga nyuma ya bweni mpaka wakashika mbavu. Mimi nami nilimwiga, tena vizuri kuliko wote. Siku hizi nikiwauliza vijana wa kazini "kreti ziko wapi?" kabla sijawasalimia, nasikia sauti yake ikitoka kinywani mwangu, na sipendi.

Jina lake silitaji. Kati ya Njombe na Makambako watu wanajuana, na anayemjua atamtambua kwa swali hilo tu. Shuleni tulimwita Mwalimu, basi, kana kwamba hapakuwa na mwalimu mwingine.

Alikuwa mtaalamu wa baridi aliyeichukia baridi. Mwezi wa sita ukiingia, ukungu ukianza kulala juu ya mabati mpaka saa nne, yeye alivaa sweta juu ya sweta, na ya juu kabisa ilikuwa ya kijivu yenye viwiko vilivyotobolewa na meza. Aliandika ubaoni huku mkono wa kushoto ukiwa kwapani. Tulimcheka kwa sababu tulikuwa watoto wa baridi hiyo, tumezaliwa nayo, tunavuka nyasi zenye barafu ya alfajiri na viatu vya plastiki. Yeye alikuwa mtu wa hukuhuku kama sisi, lakini aliishi na baridi kama mtu anayeishi na shemeji asiyempenda.

Na bado ndiyo aliyokwenda kuisomea. Alipelekwa ng'ambo, kwenye nchi ambayo hakuitaja bila kukunja uso, na huko akapewa kazi ya kupoza fuwele, yaani vijiwe vidogo vya chuma kilichoungana na oksijeni, ili aone umeme ulio ndani yake unafanya nini. Alirudi kabla hajamaliza. Sababu ilitegemea siku. Siku nyingine baba yake alikuwa ameugua, siku nyingine mashine ya kule ilikuwa mbovu. Siku moja, akiwa amefurahi, alituambia alichoka kula mkate.

Kitu alichokifuata kule kinaitwa mpangilio wa chaji. Hakikuwa kwenye silabasi yetu. Mwalimu wa taaluma alimwonya asitupotezee muda, naye akajibu, "Sawa, nimekuelewa," na wiki iliyofuata akatutoa uwanjani na debe la viazi.

Ukungu ulikuwa umeshuka hata magoli hayaonekani. Akatupanga mstari mmoja mrefu, bega kwa bega. "Ninyi ni chuma," akasema. "Wote chuma, wote sawa." Akagawa viazi, kimoja kwa kila watu wawili, akatuamuru tupeane bila kupumzika. Viazi vikakimbia mstarini. "Nani ana kiazi?" akapaza sauti. Hakuna aliyeweza kujibu, maana ukisema mimi, kimeshaondoka. "Safi kabisa. Huo ndio umeme. Kila mmoja ana nusu kiazi, kwa sababu hakuna anayekaa nacho." Halafu akapiga makofi. "Baridi! Baridi kuliko yoyote mliyoisikia! Viazi vinachoka. Na viazi havipendani, hakuna kinachotaka kukaa jirani na mwenzake." Tukasukumana, tukabishana, mwishowe tukajikuta tumekaa hivi: mwenye kiazi, asiye nacho, mwenye kiazi, asiye nacho, mpaka mstari ulipopotelea kwenye ukungu.

Akapita mbele yetu polepole. "Mtu akiwatazama kutoka barabarani ataona kuna kilichobadilika?"

"Hapana, Mwalimu."

"Hapana. Watoto walewale, mstari uleule. Lakini sasa nikiuliza kiazi kiko wapi, jibu lipo. Na umeme haupiti tena."

Mimi nilikuwa miongoni mwa wasio na kiazi. Nakumbuka nilimwonea wivu msichana wa kulia kwangu, aliyekikumbatia chake kifuani kana kwamba ni cha kwake kweli. Baadaye tulivichemsha jikoni tukavila na chumvi, na Mwalimu alikula akiwa amesimama, akipuliza vidole.

Ukweli ulimtesa yeye na ukawatesa waliomzunguka. Kanisani aliimba besi kwenye kwaya, sauti nzuri iliyotoka tumboni, na wakati wa mnada wa mavuno baada ya ibada alikaa kiti cha mbele. Mzee wa kanisa akinyanyua jogoo na kusema, "Wapendwa, tazameni jogoo huyu mkubwa," Mwalimu alisema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Wa kawaida." Bei ikashuka. Mchungaji alimwomba kwa upole awe anakaa nyuma, naye alikataa, akasema kutoka nyuma haoni vizuri ukubwa wa jogoo. Kwenye madaftari yetu hakuwahi kuandika "vizuri". Aliandika "umekaribia". Kuna binti alilia kwa neno hilo muhula mzima, leo ni daktari, na akikutana nami bado analitaja kwa uchungu.

Alisalimia kwa Kibena, "Kamwene," hata wageni wasiojua kuitikia, na alirudi kwenye Kibena pale tu alipokasirika. Vinginevyo Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limenyooshwa pasi. Alidai hamwamini mtu yeyote aliyesema "kama" mara nyingi.

Nilishamaliza shule zamani, nikawa nafanya kazi kwenye chumba cha baridi cha parachichi hapa Njombe, siku mlinzi aliponijia akisema kuna mzee ananiita getini. Nilimkuta Mwalimu amesimama, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi.

"Kamwene. Yale ya viazi," akasema. "Nilikufundisha kosa."

Nilidhani ni utani. Haukuwa utani. Alikuwa amesoma kwenye simu kwamba wataalamu wameichunguza upya ile fuwele ya chuma na oksijeni, wakaona kiazi hakikai kwa mmoja. Kinagawanyika kwa watatu waliojipanga: wa katikati anashika sehemu kubwa, na wa pembeni kila mmoja anashika kidogo. "Mstari wangu ulikuwa safi mno," akasema. "Mambo hayakai safi namna ile."

"Mwalimu, umepanda gari kutoka Makambako kuja kuniambia hilo?"

"Wewe na wenzako. Nimetoka mtaa wa Ramadhani, kwa yule anayeuza simu. Aliyeko Kidugala nitamfuata kesho."

"Na yule anayeuza simu alisemaje?"

"Aliuliza kama nataka kununua chaja."

Nikacheka, naye hakucheka. Akaomba aone chumba cha baridi. Nilimpitisha katikati ya kreti, akatazama kipimo cha ukutani, akagusa ukuta kwa kiganja. "Hii ni baridi ya matunda," akasema kwa dharau. "Haiwezi kushuka zaidi?"

"Parachichi zitaharibika, Mwalimu. Wewe unataka ishuke mpaka wapi?"

"Karibu nyuzi mia na hamsini chini ya sifuri."

"Hapo hata mimi nitaharibika."

Akaondoka bila kuaga. Wakati huo kijana wake alikuwa ameshapotea, na mimi sikuunganisha mambo hayo mawili. Nilirudi kwenye kreti zangu nikiwasimulia wenzangu habari za mzee wa viazi, tukacheka mchana kutwa.

Huyo kijana alikuwa mtoto wake wa mwisho, na wa kiume pekee. Hakufanana na baba yake hata kwa bahati mbaya. Alikuwa mcheshi na mwenye kelele, alisema "kama" kila baada ya maneno mawili, na Mwalimu alimpenda waziwazi, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu aliyeandika "umekaribia". Alipopangiwa kufundisha shule ya msingi huko Ludewa, ukanda wa ziwani, alianza kumtumia baba yake mawe kwa basi. Mawe meusi ya milimani, mazito kuliko yanavyoonekana, ukiyasogezea sumaku yanaing'ang'ania. Ni chuma na oksijeni, kitu kilekile alichokiacha ng'ambo, sasa kinamjia kwenye mfuko wa rambo pamoja na dagaa.

Lakini Mwalimu hakuyakubali. Alinieleza mwenyewe: mawe ya kule yana titani nyingi ndani. Titani imeingia mahali pa chuma, ni wageni waliokaa katikati ya mstari wetu wa uwanjani bila kujua mchezo. Baridi ikija, viazi vinatafuta mahali pa kukaa, vinawakuta hao, mpangilio unavurugika. "Jiwe lenye uchafu huo halitulii," alisema. "Unalipoza, linazidi kuwa gumu kupitisha umeme, lakini ile siku moja ya wote kukaa haiji." Alitaka kitu safi. Alikuwa ameona mpangilio huo kwenye mchoro wa mashine ya watu, na alitaka auone hapa kwao, kwa macho yake, kabla hajafa. Sikuona ubaya wa haja hiyo. Wazee wengine wanataka kuona Yerusalemu.

Kijana akampigia simu siku ya Jumamosi. Alikuwa Lupingu, ufukweni mwa ziwa. Alisema amesikia kwamba mbele kidogo, ufuko mwingine usiofikika kwa miguu, kuna mchanga mweusi ambao maji yameuosha na kuuchambua miaka na miaka, sumaku inaushika wote. "Baba, huu kama ni safi kabisa. Kuna boti inakwenda upande huo leo. Nikuletee?"

"Nilimwambia, lete," Mwalimu aliniambia. "Neno moja."

Boti ilikwenda na haikurudi. Ilipinduliwa na mawimbi, waliokuwamo wakashikilia madumu wakaogelea mpaka wakafika nchi kavu, wote isipokuwa yeye. Mwalimu alishuka Lupingu, akakaa siku nyingi ufukweni akimuuliza kila aliyenusurika swali lake la siku zote. Wapi? Wapi hasa? Nao, watu wema, walimwonyesha. Kila mmoja alinyoosha kidole majini, na kila mmoja mahali pake. Hakuna vidole viwili vilivyokutana.

Nilikuwepo Makambako siku ya kikao cha ukoo. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanawake wamejaa sebuleni, na mama yake yule kijana, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa amelala kwenye godoro chini, amejifunika kanga mpaka kichwani. Ukoo wao una utaratibu kwa mtu aliyekufa mwili usipatikane. Nguo zake zinakunjwa, zinawekwa kwenye jeneza, zinaombewa, zinazikwa kama yeye. Mpaka hapo mama mzazi halali kitandani. Anakaa chini, na akishazika anainuliwa mkono na wanawake wenzake, anaoga, msiba umekwisha. Ni utaratibu wa huruma, ukiufikiria. Unampa mtu siku ya kuinuka.

Baba mkubwa wa kijana alisimama, akasema taratibu kwamba nguo zipo, Mchungaji yupo, na kaburi litachimbwa kesho.

"Hapana," Mwalimu akasema.

"Mdogo wangu, hapana ya nini?"

"Mtazika nini? Mnajua yuko wapi?"

"Yuko ziwani. Mungu anajua."

"Mahali gani ziwani? Ninyi mnataka kusema yuko hapa, kwenye sanduku. Mtakuwa mmedanganya. Hajatulia. Hatuwezi kusema yuko hapa wala yuko pale. Mpaka atulie, swali hilo halina jibu."

Mimi nilielewa. Niliona uwanja wa shule, ukungu, viazi vinavyokimbia kutoka mkono hadi mkono. Nilijua anazungumza kama mwalimu wa fizikia ambaye hana lugha nyingine ya kulilia. Lakini pale chini ya turubai nilikuwa peke yangu kuelewa hivyo. Wazee waliinamisha vichwa. Mwanamke mmoja aliacha kubembeleza mtoto. Baba yake mzazi amesema kwa kinywa chake kwamba mtoto hajatulia, hayuko hapa wala pale: kwa kila aliyekuwepo, maana yake ilikuwa moja, na haikuwa ya fizikia.

Kabla wiki haijaisha, mtaa mzima ulijua kwamba kijana wa Mwalimu anatembea. Watoto waliokuwa wakija kwake masomo ya jioni hawakuja tena. Jirani alihamisha mlango wa banda lake la kuku usitazamane na nyumba ile. Kikundi cha maombi kilipita kuimba barabarani, lakini hakikuingia getini. Kisha watu wakaanza kumwona. Muuza chai wa stendi alimwona alfajiri, kwa mgongo, akielekea relini. Fundi baiskeli alimwona. Kila aliyemwona alisema amevaa lile koti lake la bluu lenye mstari mweupe mabegani, na kwamba alikuwa amepungua.

Mimi siamini mambo hayo. Nasema hivyo kwa sauti kubwa, na nilisema hivyo mpaka asubuhi nilipokwenda Makambako kuonana na wakulima na kumwona mwenyewe. Alikuwa mbele yangu sokoni, kati ya mafungu ya njegere, koti la bluu, mstari mweupe mabegani, mikono mfukoni kama alivyotembea siku zote. Sikumbuki kuamua, ila nilijisikia nikiliita jina lake.

Akageuka, akawa Mwalimu.

"Limenitosha," akasema, akitazama mikono ya koti. "Zamani lisingenitosha. Nimekwisha mwili."

Chini ya koti alikuwa na shati la kijana, na suruali ilikuwa ya kijana, imekunjwa miguuni. Alivaa zote kwa zamu, akaniambia bila aibu. Zilizofuliwa zikikauka, anavaa hizo, anafua zile. "Nguo iliyo mwilini mwa mtu hawawezi kuizika, si ndiyo?"

"Na Mama?"

"Mama yuko chini," akajibu.

Miaka ilikuwa imepita, sikuihesabu. Mama alikuwa bado analala sebuleni, kwenye saruji ya Makambako, godoro limekwisha hadi limekuwa kama mkeka. Magoti yake yalikuwa yamevimba. Binti zake walikuja wakamsihi, akawaambia hawezi kupanda kitandani kama mtu aliyezika wakati hajazika. Siku ile nilimchukia Mwalimu. Nasema hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa. Nilimwacha kati ya njegere na sikumuaga.

Ni Mama aliyenipigia simu mwaka huu, mwezi wa saba. "Mwanangu, wewe si ndiye unayefanya kazi kwenye baridi?" Sauti yake ilikuwa ya mtu anayezungumza akiwa amelala. Alisema amepatana na mumewe. Hatimaye mzee amekubali. Amesema siku lile jiwe alilolileta mtoto litakapopozwa na kutulia mbele ya macho yao, atatoa nguo zizikwe. "Sasa anasema baridi ya kulituliza haipatikani. Nikasema yupo mwanafunzi wako. Nitafutie, mwanangu. Sitaki kufa chini."

"Jiwe lipi, Mama?"

"Hili jeusi. La milimani. Si limebaki moja?"

Nilikaa kwenye kreti tupu. Lilikuwa limebaki moja, ndiyo, jiwe la milimani, lenye titani. Mama hakujua, ila Mwalimu alijua kuliko mtu yeyote mkoa huu mzima. Alikuwa amempa mke wake sharti ambalo haliwezi kutimia, na kwa kuwa hakuwahi kusema uongo, hakusema uongo hata hapo. Kila neno la ahadi yake lilikuwa kweli.

Ningeweza kumwambia Mama. Nilimwambia, "Nitaitafuta."

Baridi ya namna ile inapatikana Njombe, ingawa watu hawaifikirii. Bwana mifugo anayepandisha ng'ombe wa maziwa kwa chupa huhifadhi mbegu za madume kwenye mtungi wa naitrojeni ya maji, baridi kupita ile aliyoniomba Mwalimu. Nilimweleza habari yote. Alinisikiliza, akakuna kidevu, akasema, "Dada, mimi nimeombwa dawa za kila aina, lakini hii ya kutuliza jiwe sijawahi." Jumamosi ile tulikwenda Makambako, mtungi ukiwa umefungwa nyuma ya gari kwa kamba.

Mama alikuwa amesogezwa kwenye kizingiti, amekaa na blanketi, miguu ameinyoosha mbele. Upepo ulikuwa unapiga. Mwalimu alitoka ndani akiwa na koti la bluu, akauona mtungi, akajua ni nini kabla hajaambiwa. Sikuwahi kumwona akiogopa. Alisimama akashika nguzo ya baraza.

"Umeipata," akasema.

"Nimeipata, Mwalimu."

"Wapi?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesahau kufunga mlango mmoja wa nyumba. Kisha akaingia kazini, maana hakujua kufanya kitu ovyo. Aliweka jiwe kwenye sufuria ndogo, sufuria kwenye boksi la povu la kubebea samaki, akalifunga nyaya mbili kwa ustadi uliotuacha tukitazama vidole vyake, akaniambia nishike mita ya fundi umeme. Bwana mifugo akamimina. Moshi mweupe ukafurika, ukashuka ngazi, ukapita juu ya miguu ya Mama, naye akavuta blanketi.

"Mweleze," Mwalimu akaniambia. "Mwambie Mama tunangoja nini."

Nikamwambia Mama kwamba likitulia, namba itaruka ghafla, mara moja, kama mtu aliyeshtuka. Lisipotulia itapanda tu polepole.

Namba ikapanda. Niliikodolea macho mpaka yakatoa machozi, na sikujua kama ni baridi ama ni nini. Iliendelea kupanda, polepole, polepole, naitrojeni ikichemka na kupungua sufuriani. Bwana mifugo akaongeza. Ikapanda tena, kwa mwendo uleule. Hakukuwa na kuruka. Nilikuwa najua hakutakuwa na kuruka, na hata hivyo niliomba, mimi ambaye kanisani naenda Pasaka, niliomba jiwe lile chafu lisahau uchafu wake kwa dakika moja tu.

Sufuria ikatulia, jiwe limefunikwa ukoga mweupe wa barafu. Nikamgeuzia Mwalimu mita asome mwenyewe. Sikutaka jibu litoke kwangu. Aliinama, miwani imeingia ukungu, akaivua, akaifuta kwa ncha ya shati la mwanawe, akaivaa, akasoma. Alisoma kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akisoma mitihani yetu.

"Limetulia?" Mama akauliza kutoka kizingitini.

Mwalimu hakugeuka. Aliendelea kutazama mita. Nilimjua mtu yule tangu nikiwa msichana mdogo mwenye viatu vya plastiki. Sikuwahi kumsikia akimpa jogoo hata unyoya mmoja usio wake.

"Limetulia," akasema.

"Kweli?"

"Kweli, mama. Limetulia kabisa. Kila kimoja kimekaa mahali pake."

Mama akanitazama mimi. Nikazima mita. Bwana mifugo alikuwa ameshaanza kukagua kamba za mtungi wake, ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

"Basi vua koti," Mama akasema.

Mwalimu akashusha zipu. Mkono mmoja ulikwama, nikamsaidia. Mama akalipokea, akalilaza mapajani, akakunja mkono wa kushoto, akakunja wa kulia, akanyoosha kola kwa kiganja. Halafu akanyoosha mkono tena, akingoja. Mwalimu akafungua vifungo vya shati kuanzia juu. Hakuharakisha, na alipolitoa alibaki na fulana yake mwenyewe, iliyochakaa, kwenye upepo ule wa mwezi wa saba, mzee aliyeogopa baridi maisha yake yote.

Akatazama miguu yake.

"Na soksi?" akauliza.

"Na soksi," Mama akasema. Akajishika kwenye fremu ya mlango, akajiinua kutoka chini bila kushikwa mkono na mtu, akamsogezea stuli mumewe, akapiga magoti yake mabovu, akaanza kumvua.